Kibanda cha limau na nauli ya kwenda Muhimbili

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenibana. Bado nipo Philadelphia, bado nabeba boksi, ingawa boksi langu mimi linapumua na lina dripu mkononi.

Wiki tatu zilizopita mama mdogo alinipigia kutoka Tanga. Mtoto wa jirani yake, miaka sita, kavimba taya. Madaktari wanahisi ni saratani, wamesema apelekwe Muhimbili haraka, sasa mtaa mzima unachanga nauli. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kazini, nimesimama masaa kumi na mbili, miguu inawaka moto. Nikamjibu: "Mama mdogo, kila simu ni mchango. Mimi siyo benki." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu, pumzika." Sikupata usingizi asubuhi ile.

Ningependa kuwasimulia watoto ninaowauguza, ila sheria ya hapa kuhusu siri za wagonjwa haina mchezo. Kwa hiyo nawasimulia mtoto ambaye habari zake zinajulikana na kila mtu huku. Anaitwa Alexandra Scott, wengi wanamwita Alex. Alizaliwa Connecticut mwaka 1996, na kabla hajatimiza mwaka mmoja akagundulika ana neuroblastoma, saratani inayotokana na chembe changa za neva na ambayo huwapata zaidi watoto wadogo. Mwaka 2000, akiwa na miaka minne tu, ametoka kwenye matibabu mazito, akamwambia mama yake anataka kibanda cha kuuza juisi ya limau.

Watoto wa Kimarekani huuza juisi hiyo barazani wakati wa joto, kama sisi tulivyouza barafu za ukwaju na ubuyu. Tofauti ni kwamba sisi hela tulikuwa tunakula wenyewe! Alex alitaka zake ziende kwa madaktari, wawasaidie watoto wengine kama walivyomsaidia yeye. Siku ile ya kwanza, pamoja na kaka yake, alipata zaidi ya dola 2,000. Familia ikahamia huku karibu na Philadelphia kwa ajili ya matibabu, naye akaendelea kuuza kila mwaka huku ugonjwa ukizidi. Alifariki tarehe 1 Agosti 2004, akiwa na miaka minane, na kufikia hapo yeye na watu waliofungua vibanda kwa jina lake walikuwa wamepata zaidi ya dola milioni moja. Mfuko wenye jina lake bado unagharamia utafiti wa saratani za watoto.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Kila habari kama hii ikisimuliwa, kanisani, msikitini au kwenye sherehe zetu za ughaibuni, utasikia: "Mwoneni huyo mtoto, mshukuru kwamba nyie ni wazima." Mimi hiyo shukrani siipendi. Inamgeuza mgonjwa kuwa kipimo cha raha yetu. Tukishamwonea huruma tunarudi kwenye pilau, tumeshiba na kushukuru. Alex alikuwa anaumwa kuliko sisi sote na hakukaa kumtafuta aliye na hali mbaya zaidi yake ili apate kushukuru. Aliona kitu alichopewa, madaktari, akataka na wengine wakipate.

Na mimi nilipewa nini? Shahada yangu ya uuguzi ililipiwa kwa mkopo, na kwa mahindi ya mama mdogo huyohuyo niliyemwambia mimi siyo benki.

Tena mimi kama muuguzi najua kilichoko kwenye ile taya. Kwetu, mtoto wa umri ule akivimba taya ghafla, jambo mojawapo la kufikiria ni saratani ya Burkitt. Uvimbe wake hukua haraka kupindukia, lakini dawa huuyeyusha vizuri ukiwahiwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Muhimbili dawa zenyewe watoto wanapewa bure. Kinachowashinda wazazi wengi ni nauli ya kurudi raundi ya pili na ya tatu, chakula, na nani atabaki na wadogo nyumbani. Uvimbe ukishapungua wanadhani mtoto kapona, hawarudi.

Nilimpigia mama mdogo siku hiyohiyo jioni, nikaomba radhi. Akacheka, "Nilijua ni usingizi." Nikatuma nauli ya raundi zote, siyo ya kwenda tu, na nikaongea na mama wa mtoto mwenyewe kwa simu nusu saa nzima kumweleza kwa nini asikatishe. Wameshamaliza raundi ya kwanza. Taya imepungua, mama ameshaanza kuuliza kama kweli kuna haja ya kurudi, maana mahindi yanataka kupaliliwa.

Nampigia tena kesho. Saa hizi ngoja nikimbilie treni, zamu inaanza saa moja.