Ng'ombe wa udongo, ila angalia unakoutoa

Mzazi, mvua za Novemba zikishalainisha ardhi Shinyanga na Geita, huna haja ya kununua midoli. Chukua udongo wa kichuguu, toa mawe na mizizi, ongeza maji kidogo kidogo, ukande kama unga wa chapati. Mwachie mtoto afinyange ng'ombe, pembe ziwe vijiti. Anikeni kivulini, maana jua kali hupasua.

Lakini msichukue udongo kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu. Marudio ni laini na huwavutia watoto, ila zebaki inayokamatia dhahabu hubaki humo hata kama huioni, nayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Mkimaliza, mnaweni kwa sabuni kabla ya kula.