Binti wa Wageni na Dirisha la Karani



Mara nyingi tumewasikia wazazi wacha Mungu wakiwaonya watoto wao wasiguse siasa, kwa kuwa ni mchezo mchafu. Kwa mzazi aliye mgeni nchini onyo hilo huwa kali zaidi: tumepokewa, basi tufanye kazi na tunyamaze. Hofu yake twaielewa. Hata hivyo, njia aliyoipita Michelle Wu wa Boston, Marekani, yatulazimu kuitafakari upya.

Alizaliwa Chicago mwaka 1985, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Taiwan. Kwa kuwa Kiingereza kiliwapa taabu, mtoto ndiye aliyekuwa mkalimani wao. (Watoto wa namna hiyo tunao hata kwetu: wamesimama kwenye dirisha la karani, wakibeba shida za watu wazima.) Alipokuwa amehitimu chuo, mama yake akapatwa na maradhi ya akili. Binti akarudi nyumbani, akawalea wadogo zake, akafungua duka la chai. Hapo akaonja jinsi leseni na vibali vinavyomchosha mtu mdogo, na jinsi ilivyo vigumu kumpatia mgonjwa wa akili matibabu.

Kwa kadiri tuonavyo, siasa yake ilianzia pale dirishani. Akiwa mwanafunzi wa sheria alitumika katika ofisi ya Meya Thomas Menino, akashughulikia kurahisisha leseni za migahawa. Mwaka 2013, akiwa na miaka 28, alichaguliwa kuwa diwani. Na mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa meya wa Boston.

Katika kampeni hiyo ya 2021 mpinzani wake, Annissa Essaibi George, alisema redioni kwamba kuzaliwa na kukulia Boston ni jambo lenye uzito kwa wapiga kura wengi. Naye, ajabu, ni binti wa mhamiaji kutoka Tunisia! Wapiga kura walimpa Wu takribani asilimia 64.

Neno hilo, "si mzaliwa wa hapa", halina uraia wa Marekani peke yake. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na wazao wao, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni tendo la ukarimu lisilo na mfano mwingi duniani. Lakini hati ya uraia hutolewa na serikali; nafasi ya kusema mkutanoni hutolewa na majirani. Katika waraka Pacem in Terris wa mwaka 1963, Mtakatifu Yohane XXIII alitaja haki ya kuhama, kisha mara moja akataja haki ya kushiriki mambo ya umma. Sisi tumezoea kuikubali ile ya kwanza na kuisitasita ya pili.

Basi kijana wa familia hizo akija kuomba kura ya udiwani, tumwulize habari za kisima, za zahanati na za mapato ya kata. Babu yake alivukia mpaka wapi, tusimwulize.