Nani Mtu Mzima? Nafsi, Ubongo na Jando la Kiptere

Kiswahili humwita aliyekomaa mtu mzima, kana kwamba hakuna kipande chake kilichosalia kufinyangwa. Wakipsigis wa Kiptere, katika Kaunti ya Kericho, wana neno lao, muren, ambalo mvulana hulipata jandoni shule zifungwapo mwishoni mwa mwaka. Huingia akiwa mtoto, hutoka mwanamume mwenye rika lake. (Nazungumzia wavulana tu, ukeketaji wa wasichana, uliopigwa marufuku kwa sheria ya 2011, sina neno la kuutetea.)

Wanasayansi wana habari nyingine. Tangu Jay Giedd na wenzake walipochapisha mwaka 1999 matokeo ya picha za ubongo wa watoto na vijana, imezidi kubainika kwamba sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupanga, kujizuia na hata kujitafakari, huendelea kujengeka hadi baada ya miaka 20. Kijana basi hujitambua kuwa mwanamume kabla ubongo wake haujakomaa.

Je, jando ni uongo? Sikubali. Ubongo si jiwe. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kuwa madereva wa teksi wa London, wanaokariri maelfu ya mitaa, walikuwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha kumbukumbu, kubwa kuliko ya watu wengine. Tena iliongezeka kadiri ya miaka yao kazini. Yamkini basi kijana anayezoezwa utu uzima hujengeka kwa mazoezi hayo. Jina la muren ni ahadi, nayo ahadi huhitaji msimamizi.

Hapo ndipo penye kasoro. Zamani vijana walikaa utengoni miezi mingi chini ya motiriot, mlezi wao. Leo mafunzo yamebanwa katika likizo moja, na Januari kijana hurejea darasani na jina zima, mafunzo nusu. Akikosea, huambiwa yeye si mtoto tena. Akitaka kusikilizwa, huambiwa angali mtoto.

Kwa maoni yangu, motiriot asiagane na kijana siku ya kutoka jandoni, bali amfuate hadi amalize sekondari. Nasi vyuoni tusijitoe lawamani: mwanafunzi wa miaka 19 hukabidhiwa ufunguo wa chumba na mkopo wa serikali, kisha mhadhiri mlezi humwona siku ya usajili tu.