General Motors ilipoanguka: feza ya wazee ilikuwa mu mikono ya nani?

Jumatatu tarehe 1 mwezi wa sita mwaka 2009, General Motors ilienda mbele ya tribinali ya New York kusema kwamba haiwezi tena kulipa madeni yake. Iliandikisha deni ya dola miliari 172, na mali ya miliari 82 tu. Mwezi mmoja mbele yake, tarehe 30 mwezi wa ine, Chrysler ilipita njia ileile. Katika kompani tatu kubwa za motokari za Marekani, Ford peke yake njo ilibaki imesimama, na yenyewe ilipata hasara ya zaidi ya dola miliari 14 mwaka 2008. Ilisimama kwa sababu mwaka 2006 iliweka rehani karibu mali yake yote, mpaka na ile alama ya bluu tunayoiona mbele ya motokari zake, na kwa njia hiyo ikapata kredi wakati banki zilikuwa zingali na feza.

Mutu wa Likasi ao wa Kolwezi atauliza: hayo inatuhusu nini siye?

Kwanza kuna shaba. Motokari moja iko na karibu kilo 20 za shaba ndani yake: nyuzi za umeme, dinamo, motere ndogo za kuinua vioo. Mwaka 2007 Wamarekani walinunua motokari zaidi ya milioni 16. Mwaka 2008 walinunua milioni 13. Si Detroit peke yake iliyoangusha bei, kwani nyumba nazo ziliacha kujengwa, na China nayo ilipunguza kununua. Lakini hesabu tunaijua wote: mwezi wa saba mwaka 2008 tani moja ya shaba iliuzwa zaidi ya dola 8,000, na mwezi wa kumi na mbili ilianguka mpaka chini ya 3,000. Kwetu habari ile hatukuisoma mu gazeti. Tuliona furu zinazimwa moja moja, na waajiri wengine wakaenda zao bila kulipa mwezi wa mwisho.

Lakini si shaba njo tunataka kuongea leo. Tunataka kuongea habari ya feza ya wazee.

Mu Flint, jimbo la Michigan, muji ambamo GM ilizaliwa mwaka 1908, watu karibu 80,000 walikuwa wakiifanyia kazi katika mwaka 1978. Kufika mwaka 2009 hawakufika tena 10,000. Ni muji wa kompani, sawa vile miji yetu. Katika baridi ya mwaka 1936 kuingia 1937, wafanyakazi waliketi ndani ya viwanda siku 44, wakakataa kutoka, mpaka GM ikakubali kuongea na sendika yao, UAW. (Kwetu, mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma mu Elisabethville, na jibu lilikuwa risasi.) Kiisha, mwaka 1950, kompani na sendika walipatana mukataba wa miaka mitano: kompani italipa feza ya uzee, na itasaidia kulipa lopitalo. Walter Reuther, mukubwa wa sendika, alitaka kwanza kwamba Leta njo iangalie wazee na wagonjwa wa inchi nzima. Haikukubaliwa. Basi kompani ikawa baba na mama. Polepole ikafika kulipa karibu yote.

Wakati ule hakuna aliyeona hatari. GM ilikuwa ikiuza karibu nusu ya motokari zote mu Marekani. Lakini motokari za Japani ziliingia, zenye kutumia esanse kidogo, na watu wakazipenda. Wakubwa wa GM wao walipenda kuuza magari makubwa mazito, juu faida yake ni kubwa. Mwaka 2008 esanse ikapanda, magari yale yakabaki mu uwanja. Na kila mara kompani ilipofunga kiwanda, hesabu ya wafanyakazi ilipungua, hesabu ya wazee ikazidi. Mwaka 2004 GM ililipa dola zaidi ya miliari 5 kwa matunzo ya watu zaidi ya milioni moja: wafanyakazi, wazee, wajane, watoto. Motokari ni chache, na wenye kungojea mukate ni wengi.

Wazee wa Gécamines wanajua hesabu hiyo bila kufundishwa. Mwaka 1986 ilitosha tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1994, kiisha mugodi wa Kamoto kubomoka na inchi kuharibika, ilibaki karibu tani 30,000. Lakini malopitalo yalikuwa yaleyale, masomo yaleyale, na watu wa kulishwa bunga walikuwa walewale. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa feza ya Banki ya Dunia, wakaambiwa wameondoka kwa mapenzi yao. Walipewa hesabu moja ya mwisho na mahali pa kutia sahihi. Kufika mwaka 2009 wengi walikuwa wangali wanadai.

Kuna watu wanaosema, kule na hata hapa, kwamba wafanyakazi njo waliua kompani kwa kutaka mengi. Hatukubali. Toyota ilikuwa na viwanda mu Marekani, lakini vilikuwa vipya kuliko vya GM, na wazee wa kulipia walikuwa wachache; na kwao Japani matunzo ya wagonjwa si mzigo wa kompani peke yake. Si wafanyakazi waliochagua kutengeneza magari yenye kunywa esanse. Na si wao, mwezi wa kumi na moja mwaka 2008, walioenda Washington kuomba dola miliari 25, kila mukubwa na ndege yake mwenyewe.

Sasa tufike ku kile kinachotofautisha wazee wa Flint na wazee wa kwetu. Mwaka 2007, GM ilipokuwa ingali inasimama lakini tayari inayumba, sendika ilikubali jambo gumu: kompani itoe deni ya matunzo ya wazee mu vitabu vyake, iweke feza ndani ya sanduku la pembeni ambalo wakubwa wa GM hawawezi kuligusa. Sanduku halikujaa mbele ya kompani kuanguka. Sanduku lilibaki likidai GM dola miliari 20. Lakini kwa sababu deni ile iliandikwa kwa jina, sendika iliketi ku meza pamoja na Leta na wenye banki. Katika GM mupya ya mwaka 2009, Leta ya Marekani ilikamata karibu asilimia 60, Kanada karibu 12, na sanduku la wazee asilimia 17.5.

Tusidanganye mutu: si furaha. Hisa za kompani iliyoanguka zinaweza kubaki makaratasi. Kazi karibu 21,000 zilipangwa kufutwa tena. Mwaka 2009 mufanyakazi mupya alilipwa karibu dola 14 kwa saa, mwenzake wa zamani alipata karibu 28, na walisimama ku mashini moja. Hata hivyo muzee wa Flint iko na mahali pa kuuliza, na mutu wa kumujibu.

Kwetu kompani za leo si Gécamines. Nyingi hazijengi nyumba, na wengi wanaingia kwa mukataba wa muda mufupi, chini ya kompani ndogo iliyoletwa na kompani kubwa. Kila mwezi mu karatasi ya mushahara kunaandikwa feza iliyokatwa kwa CNSS (zamani INSS). Je, inafika kule? Delege wa sendika ameona risiti ya mwezi uliopita? Kama kompani ndogo ikifunga mulango kesho, kompani kubwa inajibu? Hayo ni maswali ya kuuliza wakati mugodi unafanya kazi, si siku furu inazimwa. Na CNSS yenyewe ingebandika ku mulango wake, kila miezi mitatu, majina ya waajiri waliolipa na wale hawakulipa. Kazi hiyo haiombi feza ya Banki ya Dunia.

Kufika mwezi wa sita mwaka 2009 bei ya shaba ilikuwa imeanza kupanda, ikizunguka dola 5,000. Kompani zingine zilianza kuita watu tena. Mama anayengojea ku nyumba na aombe kuona karatasi ile mwisho wa mwezi, pamoja na mushahara.