Gharama za matibabu haziishii dirishani

Mhariri,

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Tunashukuru. Lakini kwa mama yangu, mkulima wa Kigoma mwenye saratani ya shingo ya kizazi, gharama kubwa haiko kwenye dirisha la malipo. Iko kwenye nauli na chumba cha kupanga.

Tiba yake ya mionzi haimalizwi siku moja. Mgonjwa huhudhuria karibu kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na mashine ziko katika miji michache kama Dar es Salaam na Mwanza. Chakula, pango, na msindikizaji aliyeacha shamba lake, hayo yote tunayabeba wenyewe. Ng'ombe tumekwisha kuuza. Nimeshuhudia wazee wakirudi kwao kabla ya kumaliza mionzi kwa kukosa fedha ya kula, na jambo hilo linaniuma sana.

Naziomba Wizara ya Afya na halmashauri zijenge hosteli za wagonjwa karibu na hospitali za mionzi, na zimlipie nauli mzee mwenye rufaa. Nanyi wenye wazee, muoneni ofisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha kabla hamjasafiri.

Msomaji wako,
Kigoma