Mtoto Aliyepakatwa Hajafungwa Mkanda

Msikilize mzazi aliyetoka kuandikiwa faini njia ya Uwanja wa Ndege kwa sababu mwanawe hakufungwa mkanda. Maneno yake yanajulikana kabla hajayasema: trafiki wametumwa kukusanya pesa, mtoto alikuwa amepakatwa na mamake, na tena Unguja hii gari inakimbilia wapi hata iue mtu? Wanaomsikiliza wanampa pole. Pole hiyo haimstahiki yeye. Aliyeonewa ndani ya gari ile ni mtoto, na aliyemwonea si trafiki.

Imani kwamba mikono ya mama inatosha imejengwa juu ya mapenzi, na mapenzi hayo hayana shaka hata kidogo. Kinachoikataa ni hesabu. Gari iliyo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa ikigonga ukuta na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anawalemea wanaomshika kama kilo 200, yaani magunia manne ya mchele ya kilo hamsini hamsini, na yote hayo ndani ya muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mama hapati hata nafasi ya kukaza vidole. Akiwa mwenyewe hakufunga mkanda, naye anarushwa, na mtoto ndiye anayebanwa baina ya mwili wake na dashibodi. Wapo wanaodhani wamepata dawa kwa kuzungusha mkanda mmoja juu ya wote wawili. Hapo mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu uzito wote wa mama unamkandamiza mtoto kwenye mkanda uliokusudiwa kumwokoa.

Hoja ya udogo wa kisiwa ina asili yake. Mji Mkongwe umefundisha watu mwendo wa miguu. Katika vichochoro vya Kiponda na Shangani gari haipenyi, na pale Darajani foleni yenyewe inamzuia dereva. Lakini safari haziishii Darajani. Barabara ya Bububu, Mahonda hadi Mkokotoni ina kilomita 31, na anayekwenda Paje kumtazama bibi mzaa mama hupita masafa marefu ya lami iliyonyooka, huku ng'ombe, baiskeli na watoto wa skuli wakikatiza mbele yake. Hata mwendo mdogo una gharama. Kwa kilomita 30 tu kwa saa, gari ikisimama ndani ya nusu mita ileile, mtoto yule wa kilo 10 anakuwa mzito kama mtu mzima wa kilo 70. Nani anayeweza kumdaka mtu mzima aliyerushwa?

Kisha linakuja jibu linalowanyamazisha wengi: ajali ni kudra. Hakuna haja ya kubishana na imani ya mtu; inatosha kukumbuka namna Wazanzibari walivyozungumza meli zilipozama. MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit ilipofuata karibu na Chumbe mnamo Julai 18, 2012, watu walilia, walisoma hitima, na waliuliza. Nani aliruhusu meli ijazwe kupita uwezo wake? Maboya yalikuwa wapi? Baada ya Spice Islander tume ya uchunguzi iliundwa. Kudra haikumfutia mtu dhamana yake baharini, na hakuna sababu imfutie dereva aliyeuona mkanda ukining'inia pembeni ya mwanawe.

Katika msitu wa Jozani kuna mfano unaouma zaidi. Baada ya barabara inayopita msituni kutiwa lami mwaka 1996, kima punju, ambao hawapatikani kiasili popote duniani isipokuwa Zanzibar, walianza kugongwa mara kwa mara. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Lilikuwa jambo jema na la busara. Madereva hupunguza mwendo pale, na wengi huwaonesha watoto wao kima kupitia dirishani, mtoto akiwa amesimama kati ya viti viwili vya mbele bila kushikwa na chochote.

Wala haiwezi kusemwa kuwa Wazanzibari hawawezi kufunga watoto. Jamaa zao waliojaa Muscat na Dubai wanawafunga kila siku. Umoja wa Falme za Kiarabu, tangu Julai 2017, unamtaka mtoto wa chini ya miaka minne akae kwenye kiti chake maalumu, na asiyetii hulipa dirhamu 400. Oman nayo ililazimisha viti vya watoto wa umri huo mwaka 2018. Ami na shangazi walioko huko hawaoni kwamba wananyanyaswa. Wakija likizo Unguja, mtoto yuleyule anapakatwa kuanzia mlango wa uwanja wa ndege, kana kwamba mifupa yake imekuwa migumu juu ya Bahari ya Hindi. Na gari wanazopanda nyingi zimetoka Japan, ambako kiti cha mtoto wa chini ya miaka sita ni lazima tangu Aprili 2000.

Yapo malalamiko ya haki, na trafiki na Serikali wanapaswa kuyasikia. Hata upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimfikiria dereva na abiria wa mbele, ikamsahau mtoto wa nyuma. Mzazi anayefunga watoto wake kwenye gari ndogo anaona daladala ya chai maharage inapita na abiria waliobanana kwenye mabenchi ya mbao, hakuna mkanda hata mmoja, na anauliza kwa nini asimamishwe yeye. Kenya ilijaribu kulijibu swali hilo: kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, ziliitaka kila matatu iwe na mikanda ya abiria na kidhibiti mwendo. Utekelezaji ulipolegea, mazoea ya zamani yalirudi, lakini ilionekana kuwa gari za abiria si kisiwa kisichofikika. Unyonge wa daladala ni sababu ya kuidai mikanda humo pia. Hauwi sababu ya kuuacha mkanda ulionao garini mwako.

Ugonjwa mkubwa wa Unguja, hata hivyo, ni muhali. Trafiki anamwona mama na kichanga, anaona haya, anasema "haya, nenda mwanangu". Au baba anapiga simu kwa mkubwa anayejuana naye, na faini inayeyuka. Au noti inapita dirishani na stakabadhi haiandikwi. Kila mmoja anaondoka ameridhika, isipokuwa yule asiyeweza kusema, ambaye anaendelea na safari akiwa vilevile alivyokuwa. Aliyeandikiwa faini hiyo alipe kwa njia halali, adai stakabadhi yake, na kabla ya kuwasha gari amfunge mtoto.

Kumfunga kwenyewe hakuhitaji utajiri. Mtoto akae nyuma. Mkubwa kidogo apitishiwe mkanda juu ya nyonga na begani, usimkate tumboni wala shingoni. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa. Viti vyenyewe vipo kisiwani: kampuni zinazopokea wageni Uwanja wa Abeid Amani Karume huulizwa na wazazi kutoka Ulaya kama zina kiti cha mtoto, na kinatolewa, kinafungwa, kinakwenda hadi Nungwi. Jioni kinahamia kwenye buti, na mtoto wa dereva mwenyewe anapanda mbele mapajani.

Vituo vya afya vinaweza kuanza kesho. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anampima mtoto uzito, anakagua chanjo, anauliza kama nyumbani kuna chandarua. Aulize pia amefika kwa gari gani, na alikaa wapi.