Mwisho wa Juma Katika Baridi ya Polandi



Waliotufikia ofisini kwa kamati baada ya swala ya Alasiri ni baba na mama kutoka Kirumba, wakiwa na barua mkononi. Kijana wao wa miaka 22 amepata nafasi ya kujitolea katika kituo cha watoto jijini Warsaw, nchini Polandi, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Mei. Nauli, chumba na chakula vimegharimiwa. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa. Baba aliuliza habari za baridi. Mama aliuliza jambo jingine: siku za kazi mwanangu atakuwa na watu, lakini Jumamosi na Jumapili atakuwa na nani?

Tuliona swali la mama ndilo zito zaidi. Kijana aliyekulia mahali ambapo adhana humfikia kitandani atajikuta peke yake chumbani, dirisha limefungwa, nje theluji inayeyuka, na wenzake wa kujitolea wanamgongea mlango: twende. Waende wapi? Asipokuwa na pa kwenda kwake mwenyewe, atakwenda pao. Hatuwasemi vibaya wenzake hao. Wengi ni vijana wema waliotoka makwao kusaidia watu. Lakini matembezi ya vijana wa huko mara nyingi huishia mahali ambapo kinywaji ndicho mwenyeji.

Rai yetu kwa wazazi ilikuwa kwamba aende, ila safari zake za mwisho wa juma zipangwe hapa hapa Mwanza, ramani ikiwa mezani na wazazi wakiwa pembeni. (Tunazungumzia mtoto wa kiume. Binti ana suala la mahram, na mzazi amwone sheikh wake kabla ya fomu kujazwa, si siku ya kuagana uwanja wa ndege.)

Tuanze na baridi, maana baba naye ana haki ya kujibiwa. Jina la majira ya kuchipua lisimdanganye mtu. Machi, na hata Aprili, theluji huweza kuanguka Polandi na maji yakaganda usiku, wakati ambapo sisi tumo katika masika yetu na mvua zetu za vuguvugu. Dini imelizingatia hilo zamani kwa ruhusa ya kupangusa juu ya khofu: mkaazi mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu na nyusiku zake. Azivae baada ya udhu kamili. Kwa madhehebu yetu ya Shafii khofu iwe nzito, isiyopenyeza maji, na inayowezekana kutembelewa. Soksi nyepesi za dukani hazitoshi. Ama kutayamamu kwa sababu ya baridi tu, na hali maji ya moto yanatoka bombani, hakuna nafasi yake.

Jambo litakalomshangaza zaidi ya baridi ni jua. Hapa kwetu Maghrib haisogei mbali na saa moja jioni mwaka mzima, hata mtu huweza kuikisia bila saa. Warsaw mwanzoni mwa Machi jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwishoni mwa Mei hukaribia saa tatu usiku. Isitoshe, Jumapili ya mwisho ya Machi saa za nchi nzima husogezwa mbele kwa saa moja. Ratiba ya swala aliyoinakili wiki ya kwanza haitamfaa wiki ya tatu. Na kibla kitamgeukia: sisi tunaelekea kaskazini, upande wa ziwa, naye ataelekea kusini na mashariki kidogo.

Sasa pa kwenda. Wasomaji wengi hawajui kwamba Polandi ina Waislamu wa asili, nao ni Watatari, ambao wahenga wao waliingia nchi za Lithuania na Polandi tangu karne ya 14, zaidi ya miaka 600 iliyopita. Walikuwa askari wapanda farasi. Mwaka 1679 Mfalme Jan III Sobieski aliwapa askari wa Kitatari ardhi badala ya mishahara waliyokuwa wakidai, na miongoni mwa vijiji hivyo ni Kruszyniany na Bohoniki, upande wa mashariki karibu na Belarusi. Msikiti wa Kruszyniany, uliojengwa karne ya 18, ni wa mbao tupu, umepakwa rangi ya kijani, una minara miwili na chumba cha wanawake chenye mlango wake. Mpita njia angeudhania kanisa la kijijini mpaka auone mwezi mwandamo juu yake. Karibu yake kuna makaburi ya Waislamu, yenye mawe yaliyoandikwa Kiarabu, Kipolandi na Kirusi.

Watu hawa lugha yao ya Kitatari iliwapotea zamani. Wakabaki wakisema lugha za majirani, Kibelarusi na Kipolandi, lakini wakaziandika kwa herufi za Kiarabu, dua na mafunzo ya dini kwa ajili ya watoto wao. Vitabu hivyo waliviita kitab. Msomaji ambaye babu yake aliandika barua za Kiswahili kwa herufi hizo hizo hahitaji kuelezwa zaidi. Lugha ilikwenda, swala ikabaki.

Kijana apande treni Jumamosi asubuhi kutoka Warsaw hadi Białystok, kisha atafute usafiri wa zaidi ya kilomita 50 kufika kijijini. Ahakikishe gari la kurudi kabla ya kuondoka, na pasipoti iwe mfukoni, maana mpaka u karibu. Huko ataonja pierekaczewnik, tabaka za unga mwembamba zilizoviringishwa na nyama ndani. Ni binamu wa mbali wa sambusa. Kwa kuwa Warsaw atakaa miezi, hapo yeye ni mkaazi: haswali kwa kupunguza, na Ijumaa inamlazimu, basi aombe ruhusa ya saa ya Ijumaa kabla ya kusaini mkataba. Katika safari ya Kruszyniany ni msafiri, atapunguza na kukusanya. Dukani asome karatasi za vyakula: wieprzowina ni nyama ya nguruwe, smalec ni mafuta yake.

Wapo watakaosema kuwa kuzuru ngome na makanisa ya kale ni kupotea. Hatukubaliani nao. Qur'ani imetuhimiza kutembea ardhini na kutazama mwisho wa waliotangulia. Kutazama jengo si kushiriki ibada yake. Akifika Kraków, aende pia Auschwitz, kambi ambamo Wanazi waliua zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wayahudi. Asikilize kimya, na asijipige picha pale.

Wenyeji watamuuliza ametoka wapi. Awaambie kwamba mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti, walipitia Iran wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru, karibu na Arusha, walikaa kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi yao yangalipo. Wengine waliwekwa Koja, Uganda, kwenye ufuko wa ziwa letu hili hili.

Watamuuliza pia habari za Mwanza, na hapo ndipo tulipowauliza wazazi kama kijana amewahi kufika Saanane. Hajafika. Wala baba. Kisiwa kimeanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2013, ni mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na wageni wa kujitolea wanaokuja Mwanza hukizuru kabla hawajamaliza mwezi. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma na ngoma za watemi, ni daladala tu. Wamekubaliana kwenda kote kuwili, familia nzima, kabla ya Machi, na mama amesema chakula atabeba yeye.

Swali la msomaji wa Ilemela kuhusu kufunga katika siku ndefu za Ulaya tumelipokea. Tutalijibu toleo lijalo, inshaallah.